Mwacheni mchoraji azeeke na penseli yake

Siku hizi karibu kila msiba ninaohudhuria una picha ya marehemu juu ya meza, kando ya daftari la rambirambi. Ukiitazama vizuri utatambua imetoka kwenye kitambulisho. Imekuzwa mpaka macho yameingia ukungu na kingo za uso zimeyeyuka. Mzee aliyeishi miaka 70, aliyelima, aliyelea, aliyejulikana mtaa mzima kwa kicheko chake, anaagwa kwa sura ya mtu aliyeambiwa na karani avue kofia, anyamaze na atazame mbele.

Na karibu kila kituo kikubwa cha daladala kina kijana aliyetundika kazi zake za penseli kwenye uzio: Mwalimu Nyerere, mchezaji mpira, mwanamuziki anayevuma, bibi harusi na shela lake. Kope zinahesabika. Mng'ao wa mdomo unaonekana kama umelowa. Wapita njia husimama, husifu, huzipiga picha kwa simu, kisha huendelea na safari. Wakitajiwa bei, wanauliza: "Kwa penseli tu?" Wale wanaomtakia mema humuuliza jambo jingine: "Mdogo wangu, rangi utaanza lini?"

Maswali hayo mawili yananikera, na leo nataka kuyajibu. Kuchora sura ya binadamu kwa penseli na mkaa, kwa uhalisia, ni kazi inayotosha kujaza maisha yote ya mtu. Ina elimu yake, ugumu wake na uzee wake. Hakuna anayemuuliza mpiga zeze lini atahamia kwenye piano. Basi kwa nini mchoraji wa penseli aonekane kama mtu ambaye bado yuko darasa la kwanza la fani yake? Tunapomsukuma aiache, kwa dharau au kwa kumpunja, hasara inaingia ndani ya nyumba zetu, na ile meza ya msiba ni ushahidi.

Mtoto wa mfanyakazi wa ndani

Kuna mtu ambaye maisha yake yanajibu maswali haya kuliko hoja zangu. Anaitwa Charles White. Alizaliwa Chicago, Marekani, mwaka 1918, mtoto wa Ethelene Gary, mwanamke Mweusi aliyefanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Mama huyu hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto anapokwenda kazini, kwa hiyo alimwacha maktaba ya umma. Mtoto akashinda humo, akisoma na kutazama picha vitabuni. Alipofikisha miaka 7, mama akamnunulia rangi za mafuta.

Naomba tutulie kidogo kwenye ununuzi huo. Mshahara wa mfanyakazi wa ndani tunaujua; nyumba nyingi za mjini zinaulipa kila mwezi na nyingine zinauchelewesha. Mwanamke anayefua nguo za familia nyingine anatoa sehemu ya mshahara huo kununua kitu kisicholiwa wala kuvaliwa, kwa sababu ameona mtoto wake anachora. Wangapi kati yetu, tukiwa na kipato kikubwa kuliko chake, tumewahi kumnunulia mtoto hata penseli moja laini ya kuchorea? Tunachofanya ni kumkagua daftari, kukuta kachora uso wa mwalimu nyuma ya hesabu, na kumchapa kwa kuchezea karatasi. Samaki mkunje angali mbichi, tunasema, lakini huyu tunamkunja aelekee asikotaka kwenda.

Shuleni kijana yule alitaka kujua kwa nini watu wake hawamo kwenye vitabu vya historia, na swali hilo likamgombanisha na walimu. Vyuo viwili vya sanaa vilimpa ufadhili, kisha vikamkatalia vilipogundua ni Mweusi. Mwaka 1937 akapata nafasi katika chuo cha Art Institute of Chicago. Baadaye akachora michoro mikubwa ya ukutani, ukiwemo ule wa mwaka 1943 katika chuo cha Hampton, Virginia. Mwaka 1944 aliitwa jeshini, na huko akapata kifua kikuu kilichomlaza hospitali kwa muda mrefu na kumsumbua mapafu tangu hapo. Mwaka 1956 alihamia California ili apate hewa itakayomfaa.

Kwa mtu mwenye mapafu ya namna hiyo, ungetegemea kazi ipungue. Ikaongezeka. Na kadiri miaka ilivyokwenda, rangi nyingi zikazidi kumtoka mikononi. Vikabaki hasa penseli, mkaa, wino, na mwishoni rangi ya mafuta iliyochujwa mpaka ikawa kivuli cha kahawia. Huyu ndiye mtu aliyepewa rangi akiwa na miaka 7, akasomea rangi, akaweza rangi. Alijua anachokiacha.

Mikono ya wavunaji

Mwaka 1953 White alichora kazi inayoitwa "Harvest Talk", ambayo leo iko katika makumbusho ya Art Institute of Chicago. Ni mkaa na penseli juu ya ubao wa karatasi, upana wake karibu mita moja. Wanaume wawili Weusi wamesimama shambani. Mmoja ananoa mundu mkubwa wenye mpini mrefu. Hakuna zaidi ya hapo.

Lakini itazame mikono. Ni mikubwa kuliko ilivyo kawaida ya mwili wa binadamu, vifundo vimetuna kama mikono ya watu walioshika mpini tangu utotoni. White hakukosea vipimo. Alikuwa hodari mno wa kuchora mwili, asingeweza kukosea hapo. Alikuza kile alichotaka tukiheshimu. Sehemu zinazong'aa kwenye paji la uso na kwenye mishipa ya mkono hakuzipaka kwa chaki nyeupe. Aliupaka mkaa, akausugua ukatanda, kisha akaunyanyua kwa ufutio mpaka weupe wa chini ukatokea. Kwa mchoraji wa mkaa ufutio ni chombo cha kuchorea, sawa na mkaa wenyewe. Kiza kinatangulia, mwanga unachimbuliwa baadaye, na anayechimbua sana anaharibu.

Miaka 11 baadaye alifanya kazi nyingine, "Birmingham Totem". Septemba 1963 wabaguzi walilipua kwa bomu kanisa la Wabaptisti la mtaa wa 16 mjini Birmingham, Alabama, wakaua wasichana wanne. White akachukua karatasi yenye kimo cha mtu mzima, na kwa wino na mkaa akachora lundo la mbao zilizovunjika, kipande juu ya kipande, msumari na mpasuko, kuanzia chini mpaka karibu na juu. Kileleni amechuchumaa kijana, na mkononi ana timazi. Waashi wanaijua timazi: uzi wenye kitu kizito mwishoni, wa kupimia kama ukuta umesimama wima. Juu ya kifusi cha nyumba ya Mungu, mtoto anapima pa kujengea upya.

Sasa niambieni, mchoro huo ungeongezewa nini na rangi? Nyekundu ya damu? Bluu ya anga? Sioni. Mkaa ni mti uliopitiwa na moto, na jengo lile lilipasuliwa na bomu.

Kulikuwa na sababu nyingine ya White kushikilia nyeusi na nyeupe, na hii inazihusu nyumba za kawaida moja kwa moja. Mchoro wa aina hiyo unachapika kwa bei nafuu bila kupoteza uhai wake. Mwaka uleule wa "Harvest Talk" ilichapishwa bahasha ya michoro yake sita, iliyouzwa kwa bei ambayo mfanyakazi angeweza kuimudu. Mwaka 1967 kikatoka kitabu cha michoro yake, "Images of Dignity", kikiwa na dibaji ya mwimbaji Harry Belafonte, rafiki yake. Mchoro wa rangi ya mafuta huishia kwa tajiri mmoja. Huu ungeweza kutundikwa sebuleni kwa dereva wa basi, na mke wa dereva akaona pale ukutani mikono iliyofanana na ya baba yake.

Kinywe cha Mahenge, mkaa wa jikoni

Wanaosema "penseli tu" wangeshangaa kujua wanachokidharau kimetoka wapi. Kilichomo ndani ya penseli ni kinywe, madini yaleyale yanayopatikana kwa wingi Mahenge mkoani Morogoro na Ruangwa mkoani Lindi, na ambayo leo dunia inayagombania kwa ajili ya betri za magari ya umeme. Mwaka 1795 Ufaransa ilikuwa vitani na Uingereza, ambako ndiko kilikochimbwa kinywe bora cha wakati ule. Nicolas-Jacques Conté akasaga kinywe hafifu, akakichanganya na udongo wa mfinyanzi, akakioka tanurini. Akagundua kwamba udongo ukizidi penseli inakuwa ngumu na kuandika hafifu. Kinywe kikizidi inakuwa laini na nyeusi. Herufi H na B tunazoziona ubavuni mwa penseli zinataja tofauti hiyo. Mchoraji wa sura huanza na H kwa mistari ya kupimia, anashuka kwenye HB kwa ngozi, na anafika 6B au 8B kwa nywele na mboni ya jicho.

Penseli ina ukomo wake. Hata ukandamize vipi, kinywe hung'aa kikipigwa na mwanga, na weusi wake hugeuka kijivu. Hapo ndipo mkaa unapoingia. Mkaa wa kuchorea hutengenezwa kwa vijiti vyembamba vya miti laini vilivyochomwa bila kupewa hewa ya kutosha, kanuni ileile ya tanuri la mchoma mkaa wa Kisarawe. Mkaa hunywa mwanga, haung'ai, na unafika kwenye weusi ambao penseli haifiki. Lakini huwezi kuchora unywele mmoja kwa mkaa uliobutuka, na kiganja kikipita vibaya mara moja, kazi ya asubuhi nzima imekwenda. Kuvijua vitu hivi viwili, kujua karatasi ipi ina makwaruzo ya kuushika mkaa na ipi inauachia, kujua lini kimoja kimwachie mwenzake nafasi, hakumalizwi kwa kozi ya wiki sita. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wapo walioinama maisha yao yote. Adolph Menzel wa Berlin, aliyezaliwa 1815 na kufa 1905, alitembea na madaftari ya kuchorea mifukoni mwa koti mpaka uzeeni, mkononi kashika penseli nene ya fundi seremala. Ameacha maelfu ya michoro, mingine ya kitanda kisichotandikwa, mingine ya mkono wake mwenyewe. Käthe Kollwitz, Mjerumani mwingine, aliiacha rangi mapema, akachora na kuchapa kwa nyeusi huzuni za akina mama wa maskini waliotibiwa na mume wake daktari, na huzuni yake mwenyewe baada ya mwanawe Peter kufa vitani mwaka 1914.

"Simu si inatosha?"

Hoja hii ina uzito na siwezi kuiruka. Simu inapiga picha kwa kufumba na kufumbua, na sasa zipo programu ambazo ukizipa picha ya bibi yako zinakurudishia "mchoro wa penseli" kabla hujamaliza kunywa maji. Kuna haja gani ya kumlipa mtu akae juma zima?

Sehemu ya jibu inawahusu wachoraji wenyewe, na watanivumilia. Wengi wa vijana wetu wanachora kutoka kwenye picha za simu tu. Wanapiga mistari ya gridi juu ya picha, wanapiga mingine juu ya karatasi, wanahamisha kisanduku kwa kisanduku. Mbinu hiyo haina dhambi; wachoraji wameitumia kwa karne nyingi. Ila ukiishia hapo, unashindana na mashine kwenye uwanja wa mashine. Tone la jasho lililochorwa mpaka linataka kudondoka linastaajabisha mara ya kwanza. Mara ya kumi linachosha, hasa likiwa juu ya uso wa mtu maarufu ambaye mchoraji hajawahi kumwona. Uhalisia wa White ulikuwa wa namna nyingine. Yeye alijua mfuaji nguo anasimamaje, kwa sababu alikuwa na mama aliyefua. Aliamua nani atazamwe, kwa muda gani, na nini kikuzwe. Programu haiwezi kuamua hivyo kwa niaba ya bibi yako, kwa kuwa haijawahi kumsikia akiongea.

Mfikirie mchoraji aliyekaa mbele ya mzee kwa siku kadhaa. Siku ya kwanza mzee anakaza shingo kama yuko ofisini. Siku ya pili anasahau na kuanza kusimulia alivyofika mjini. Pale anapoinamisha kichwa kidogo upande wa kulia kila anapokumbuka jambo, mchoraji anaona, na wajukuu waliokulia nyumba moja naye nao wanaona kwa mara ya kwanza. Mchoro ukikamilika umebeba siku zote hizo kwa pamoja. Picha ya kitambulisho imebeba sekunde moja ya foleni.

Ndiyo maana nawaambia wachoraji: wachoreni wanamuziki kama ndio wanaoleta wateja, lakini kila wiki mchoreni pia mtu wa nyumbani. Muuza mihogo. Mlinzi wa usiku. Mama zenu. Hapo ndipo ustadi wa miaka 20 unapopata cha kusema.

Nani alipe siku hizo

Narudi kwenye ujira, maana mkono mtupu haulambwi. Mchoro mmoja wa sura, uliofanywa kwa makini, unaweza kula siku nyingi za kazi. Mteja anayelinganisha bei yake na bei ya kusafisha picha studio analinganisha vitu visivyohusiana. Akimpunja, mchoraji hana budi kuongeza kasi. Akiongeza kasi, anaacha kutazama. Akiacha kutazama, kazi yake inakuwa kweli haina tofauti na ya mashine, na mteja anapata alichokilipia. Wengine wanakata tamaa kabisa. Nafahamu zaidi ya mmoja aliyekuwa na mkono wa ajabu na sasa anaendesha bodaboda, kazi ya halali, ila uso wa bibi yake haujachorwa na sasa bibi ameshazikwa.

White aliweza kuendelea kwa sababu alikuwa na njia ya kula. Kuanzia mwaka 1965 mpaka alipofariki mwaka 1979, akiwa na miaka 61, alifundisha uchoraji katika chuo cha Otis mjini Los Angeles. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni David Hammons na Kerry James Marshall. Marshall alizaliwa Birmingham mwaka 1955, mji uleule wa lile kanisa. Aliona kazi za White akiwa bado mtoto wa shule na baadaye akawa mwanafunzi wake. Mwaka 2018 mchoro mmoja wa Marshall uliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 21. Mwaka huohuo, miaka 100 tangu kuzaliwa kwa White, kazi za maisha yake zilikusanywa zikaonyeshwa Chicago, kisha New York, na mwaka uliofuata Los Angeles. Yeye hakuwepo. Chanda chema kilivikwa pete kikiwa kaburini. Sitaki tusubiri hivyo kwa wetu.

Shule zetu zinaweza kuanza kesho asubuhi. Kipindi cha sanaa kisigeuzwe kila mara kuwa cha marudio ya hesabu, na mchoraji wa pale kituoni aitwe alipwe kwa saa, aje aonyeshe watoto jinsi ya kushika mkaa. Watoto wengi tayari wameuonja jikoni. Kuta za uani kwetu zote zina ushahidi huo. Halmashauri zinazotoa mikopo kwa vikundi vya vijana ziache kumwona mchoraji kama mtu asiye na biashara. Ana biashara, tena isiyohitaji umeme.

Na sisi wenye nyumba tuna la kufanya pia, ambalo halisubiri serikali. Kama kuna mzee nyumbani, mwiteni mchoraji mzee angali hai. Kubalianeni siku, si picha tu, na mtoe malipo ya awali, kwa sababu karatasi nzuri na mkaa wa kuchorea ananunua kwa fedha yake. Mwekeeni kiti karibu na dirisha lenye mwanga wa upande mmoja, kwani mwanga wa pande zote unafuta vivuli, na bila vivuli hana cha kuchora. Chai iwepo. Watoto waruhusiwe kukaa wakitazama, mradi wasiguse. Kazi ikiisha, mwambieni aipulizie dawa ya kushikilia mkaa kabla haijaviringishwa, na fremu iwe ya kioo kisichogusana na karatasi, maana unyevu wa pwani unagandisha mkaa kwenye kioo. Kisha mlipeni salio lake siku hiyohiyo, kabla hajauliza.